Baiskeli Iliyosafiri na Mimba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na mtoe zile kamba za simu masikioni. Najua mnapenda habari za ndege. Mnafikiri kusafiri ni kuvaa miwani nyeusi, kukaa karibu na dirisha na kutuma picha. Mimi nilipanda ndege tatu kutoka Kanada mpaka Bujumbura, na sina picha hata moja. Nilikuwa na kazi. Nilikuwa naleta baiskeli.

Hapa kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, ng'ambo ya mpaka ukitoka Bujumbura, baiskeli tunaiita kinga. Na swali lenu nalijua: bibi, kinga zimejaa Baraka, zinabeba makaa, zinabeba samaki, zinabeba hata mbuzi aliyefungwa miguu, sasa wewe uende kuitafuta ng'ambo kwa nini? Ni kwa sababu hii haikuwa kinga ya kila mtu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mguu mmoja tu duniani.

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu wa darasa la kwanza. Alipokuwa mtoto, ugonjwa ulimkamata mguu wa kushoto, ukakataa kukua kama mwenzake, na mpaka leo umepungua upana wa vidole vinne. Shule yake iko kwenye njia ya Fizi, kabla mlima haujaanza. Mtu mwenye miguu sawa anatembea saa moja na kidogo. Yeye anatembea saa mbili. Akifika, watoto wameshaimba, wameshaingia darasani, na mmoja wao mwenye kichwa kikubwa ameshashika chaki na fimbo na anawachapa wenzake. Direkta, mkuu wa shule, alivumilia miaka miwili. Mwisho wa ule wa pili akamwita mbele ya walimu wote, akamwambia: masomo yakifunguliwa, siku ya kwanza utakayochelewa ndiyo siku nitakayotafuta mwalimu mwingine.

Binti yangu hakulia. Alirudi nyumbani, akachukua ungo, akachambua maharage. Lakini alikuwa anatupa maharage na kuacha mawe. Hapo nikajua limemwingia.

Kinga ya kawaida alishaijaribu, ya jirani. Mguu wa kulia ulisukuma vizuri, wa kushoto ukawa unaning'inia na kuitafuta pedali, pedali inamkimbia, na akamalizia katikati ya muhogo wa watu ulioanikwa kando ya njia. Mwenye muhogo alipiga kelele mpaka waliokuwa ziwani wakasikia.

Sasa, nina mtoto mwingine, kaka yake, anakaa Kanada miaka mingi na kazi yake ni kutengeneza kinga za watu. Mwaka ule aliniita niende kuwaona wajukuu. Nilienda, nikaona, nikakaa miezi miwili nikivaa soksi mbili mbili. Nilimweleza habari ya dada yake. Alimpigia simu, akamwambia apime miguu kwa kamba, kila mguu kwa kamba yake, kisha amsomee urefu wa kila kamba. Wiki mbili baadaye kinga ilikuwa imesimama kwenye gereji yake, nyekundu, si mpya lakini nzima. Pedali ya kushoto aliijenga yeye mwenyewe: aliiongezea kitako kirefu, vidole vinne kamili, na mkanda wa kushika kiatu kisitoroke. Niliishika mkononi. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na niliipenda kuliko kinga yenyewe.

Tiketi yangu ilikuwa ya kufika Bujumbura siku ya Ijumaa. Masomo yalikuwa yanafunguliwa Jumatatu. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Siku ya kupakia, mwanangu alileta katoni ndefu na nyembamba, ile ambayo kinga mpya zinakuja nayo kutoka kiwandani. Akaanza kufungua. Akatoa gurudumu la mbele, akageuza usukani, akateremsha kiti, akatoa pedali zote mbili. Mimi nilikaa kwenye kiti namwangalia, kwa sababu mtu akifungua kitu chako ni lazima umwangalie. Kisha akaminya mpira wa gurudumu, fyuuu.

"We! Juu ya nini unatoa upepo?"

"Mama, ni sheria ya ndege. Magurudumu haisafiri na upepo yote."

"Na tutapata wapi ingine?"

"Mama. Upepo iko hata Baraka."

Mkewe alicheka mpaka akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu nafasi.

Nafasi gani? Nafasi ndani ya ile katoni! Kinga ni kitu cha ajabu, imejaa hewa. Kuna nafasi kati ya vyuma, kuna nafasi kati ya gurudumu na gurudumu, kuna nafasi chini ya kiti ambapo kuku angetaga. Na mimi ni mtoto wa hapa. Nimepakia mitumbwi ya kwenda Kazimia tangu nikiwa msichana. Kwetu mtu hapakii sufuria tupu. Ndani ya sufuria unatia chumvi, katikati ya chumvi unazika kikombe, ndani ya kikombe unatia sindano na nyuzi. Mwanamke anayeshuka na sufuria tupu, watu wa pwani wanamtazama na kusema huyu hakulelewa.

"Mama," mwanangu akasema, kana kwamba amenisoma machoni, "iyi katoni ni ya kinga tu. Usitie kitu ingine. Compagnie ya ndege ya kwanza iko na sheria yake, ya pili iko na yake. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kusikia nilisikia. Alipoenda kutoa gari, nilitia makoti matatu, mapazia ya sebule, nguo za watoto, viatu alivyoniagiza shemeji yangu, na sufuria moja kubwa ya bati nzuri ambayo ndani yake nilitia soksi. Kila kitu kilikaa mahali pake kama kilichozaliwa pale. Katoni ilitoa tumbo kidogo upande mmoja. Nikaikanda kwa magoti, nikazungusha ile karatasi ya kubandika mara saba, nikakaa juu yake nikiimba wimbo wa kanisa. Mwanangu aliporudi aliitazama, akanitazama, akaitazama tena. Kisha akaibeba mpaka kwenye gari. Ndivyo nilivyomlea.

Pedali ya kushoto sikuiacha mle. Niliifunga kiunoni, kwenye fundo la kikwembe, kitenge nilichojifunga, mahali ninapoweka kila kitu ambacho sitaki kikatembee bila mimi. Mzigo unaweza kuanguka majini. Kilicho kiunoni kinaanguka pamoja na mwenyewe.

Njiani kwenda uwanjani mwanangu alinifundisha kama mtoto wa darasa la dada yake. Compagnie ya kwanza, alisema, itakuvusha bahari mpaka Ulaya, halafu itakupandisha ndege nyingine mpaka mji mmoja wa Afrika Mashariki. Mpaka hapo mzigo ni wao. Lakini tiketi ya mwisho, ya kwenda Bujumbura, ni ya compagnie nyingine, na hao wawili hawajuani. Lebo ya katoni inaishia katikati ya safari. "Pale unachukua katoni wewe mwenyewe, unatoka, unaenda kwa ba compagnie ingine, unawapa upya. Ukisahau, wewe unafika Bujumbura na kinga inabaki pale inazunguka."

"Mi najua kubadilisha mutumbwi," nikamwambia. "Nilianza mbele uzaliwe."

Pale kwenye meza ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mzigo ukapimwa, sindano ya mizani ikasimama palepale kwenye mwisho wa ruhusa, kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo. Ndege yao ilikuwa kubwa kama soko. Ndege ya namna ile inameza kila kitu, haiulizi tumbo ni la nini.

Shida ilianza kwenye ule mlango wa chuma wa kupitisha watu. Nilipita, ukalia. Wakanirudisha, nikatoa viatu, ukalia. Nikatoa hereni, ukalia. Akaja mama mmoja mwenye glovu, mpole, akanipapasa mpaka kiunoni, na mkono wake ukasimama. Akaniuliza kwa Kifaransa ni kitu gani kile. Kifaransa changu ni kidogo lakini hilo neno ninalo.

"Pedali," nikasema.

Akaniita pembeni. Nikafungua fundo taratibu, kwa heshima yote, na kuiweka mezani. Walikuja watatu kuitazama. Mmoja aliigeuza, akaipangusa kwa kitambaa, akakitia kitambaa kwenye mashine, mashine ikanyamaza. Mwenye glovu akauliza kama ninasafiri na baiskeli mle ndani ya nguo. Nikamjibu kwamba sehemu nyingine iko chini. Nadhani alielewa, kwa sababu alinifungia fundo mwenyewe, na alilifunga vibaya. Nikalifungua nikalifunga upya.

Safari ya bahari sitaieleza, nililala. Ulaya nilichungulia dirishani nikaona wanapakia mizigo chini, na katikati ya masanduku yote nikaiona katoni yangu. Niliijua kwa tumbo. Nikawaonyesha watu wa kiti cha mbele na cha nyuma. Waliiona.

Ule mji wa katikati sitautaja, wasije wakasema bibi wa Baraka anawasema. Nilifanya kama nilivyoagizwa: nikaichukua katoni, nikaisukuma kwenye kigari, nikatoka, nikaingia mlango mwingine, nikafika mbele ya msichana wa compagnie ya pili. Kucha ndefu, kichwa kizuri, na Kiswahili chao kile cha kukata kona. Bibi wanamwita shosho. Nilimpenda mara moja, kisha akafungua mdomo.

"Shosho, hii box imevimba."

"Haikuvimba. Iko vile."

"Iko na mimba, shosho. Angalia. Ndege yetu ya Bujumbura ni ndogo, mlango ya mizigo ni kama dirisha. Box ya baiskeli tunachukua kama iko flati. Hii haiwezi ingia."

"Banaweza kuisukuma. Kwetu tunasukuma."

"Hatusukumi, shosho. Wewe panda, box tutaileta na ndege kubwa. Jumanne."

Jumanne. Nikaona darasa la kwanza, yule mtoto wa kichwa kikubwa ameshika chaki, na direkta mlangoni anatazama saa. Nikafanya kile ambacho mwenye mzigo anafanya mtumbwi ukitaka kumwacha. Nikailaza katoni chini, mbele ya meza yao, nikaikalia.

"Shosho, huwezi kaa hapo."

"Nimekaa."

"Watu wako line."

"Bangojee. Mi na muzigo yangu tunaenda pamoja ao tunabaki pamoja."

"Ukibaki tiketi yako inakufa!"

"Basi tutaizika."

Watu wa nyuma walianza kucheka, na mwanaume mmoja mwenye suti akasema shosho yuko sawa. Msichana akaweka mikono kichwani, na zile kucha nikaogopa zitamtoboa. Lakini hakuita askari, na kwa hilo mimi bado namwombea. Alizunguka meza, akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya mtoto kwa mama yake:

"Sasa shosho, hiyo baiskeli ni ya nani kwani? Unaitaka hivi ukimbie nayo wapi?"

Nikafungua fundo, nikampa pedali mkononi. Nikamweleza. Mguu, vidole vinne, direkta, Jumatatu. Niliyaeleza kwa ufupi, sikuwa pale kulia. Yeye aliweka mguu wake karibu na ile pedali, akapima kwa macho. Kisha akaniuliza swali ambalo mwanangu hakuthubutu kuniuliza.

"Na ndani ya box kuna nini ingine?"

Nikatazama juu.

"Shosho."

"Koti," nikasema.

"Moja?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba ninayezuia kinga isifike ni mimi. Si direkta, si mlango wa ndege. Mimi na sufuria yangu. Mtu mwenye umri wangu kutambua hivyo mbele ya foleni nzima, haipendezi.

Akaniletea kisu kidogo. Nikakata karatasi yangu ya mizunguko saba na kuanza kuzalisha. Vilitoka vitu, vijana, mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Koti, koti, pazia, gauni la mtoto, kiatu, soksi, sufuria, kiatu kingine. Foleni ikawa inahesabu kwa sauti. Kila kitu kilichotoka, katoni ilishuka kama unga uliotulia, mpaka ikalala flati vile alivyoipakia mwanangu. Na chini kabisa nikakuta karatasi aliyoibandika kwa siri nyuma ya chuma kabla sijatia kitu, ameandika kwa herufi kubwa ili niweze kusoma: MAMA, NILIJUA.

Msichana wa kucha alilazimika kukaa chini kwa kicheko.

Makoti matatu niliyavaa, moja juu ya lingine. Mapazia nikajifunga kama mtoto mgongoni. Nguo za watoto zikaingia kwenye sufuria, na sufuria nikaishika mkononi kama mtu anayekwenda arusi. Viatu vya shemeji havikupata mahali. Kulikuwa na mama mmoja anafagia pale karibu. Nikamwuliza mumewe anavaa ngapi. Akavipokea kwa mikono miwili na akapiga goti kidogo, hivyo najua ni mtu aliyelelewa.

Katoni ilibandikwa upya, ikapita. Niliona kwa macho yangu ikiingia kwenye ule mlango kama dirisha, na ilibaki nafasi ya mkono mmoja tu. Ndani ya ndege nilikaa kama gunia la vitunguu kwenye jua. Jirani yangu aliniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ninasafirisha.

Bujumbura nilifika Ijumaa, mimi na katoni. Mpakani wakaniuliza kama kule nilikotoka ni baridi sana, nikawaambia sana, wakanionea huruma wakanipitisha. Jumamosi jioni nilikuwa Baraka.

Mnafikiri nilipokelewa kwa ngoma? Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa wa kwanza mlangoni, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye miguu yangu, halafu kwenye mikono yangu.

"Shemeji, karibu. Na viatu yangu?"

"Inafagia uwanja wa ndege."

Alilitafakari jibu hilo mpaka kesho yake.

Fundi wa kinga alikuja Jumapili baada ya ibada. Alirudisha upepo, na mwanangu alisema kweli, ulipatikana. Pedali ya kushoto niliifungua kiunoni mbele ya watu wote, na fundi akaifunga. Binti yangu alikaa juu ya kinga akaingiza mguu kwenye mkanda. Kwa mara ya kwanza niliona magoti yake mawili yakipanda na kushuka kama ya mtu mmoja. Duru ya kwanza aliangusha beseni. Ya pili alimfukuza bata. Ya tatu alizunguka nyumba yote bila kugusa kitu, na alipopita mbele yangu hakunitazama, alikuwa anatazama njia. Niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Jumatatu asubuhi karibu wamuharibie. Watu walijaa kwenye lupango yetu, uani kwetu, kuona kinga ya Kanada. Shemeji akataka kuiombea kwanza, na maombi yake mnayajua, yanaanzia kwa Adamu. Alipofika kwa Nuhu nikasema amina kwa nguvu, wote wakaitikia kwa mazoea, na binti yangu akapita.

Jioni alirudi kabla ya jua kutua. Viatu vilikuwa na vumbi, uso hauna. Akasema alikuta shule imefungwa bado, akamkuta mlinzi tu anapiga mswaki. Direkta alipofika alimkuta amekaa kwenye ngazi na daftari amefungua. Direkta akatazama saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. Kisha akasema, "Mwalimu, leo mimi ndiye nimechelewa."

Tukapiga vigelegele. Na katikati ya vigelegele shemeji yangu akajikohoza, akaja karibu na kinga, akaiwekea mkono kwenye kiti kama mtu anayempapasa ng'ombe wa mahari.

"Mambo ni mazuri, shemeji. Mungu ni mwema. Sasa kesho niazime kidogo, nifike Misisi kuona mutu, nitarudisha kesho kutwa. Si ni kinga ya jamaa?"

Mpwa wake akasema na yeye alikuwa na safari ya Swima. Mama wa jirani akauliza kama inaweza kubeba magunia mawili ya muhogo. Binti yangu alinyamaza, kama alivyonyamaza siku ile ya maharage, kwa sababu kwetu mtoto hamkatalii baba yake mdogo. Mimi si mtoto wake. Nikasimama, nikatoa ule mkono kwenye kiti, na nikasema, ili nyumba nzima isikie:

"Kuanzia leo iyi kinga inajua njia moja tu: nyumba na masomo, masomo na nyumba. Itakuwa inalala mu chumba yangu. Mulango ya lupango itafunguliwa kila asubuhi saa kumi na mbili, na mwenye nitakuta amesimama mu njia ya mwalimu, njo yeye atamubeba mwalimu mugongoni mpaka kule!"